Meli ya Kigoma na Mashua ya Babu: Jinsi Metali Inavyozeeka na Inavyookolewa

Maji yanayopita katika bwawa la Igombe, karibu na mji wa Tabora, hufuata bonde la mto wa jina hilohilo, huungana na Mto Malagarasi, na mwisho huingia katika Ziwa Tanganyika, kusini ya Kigoma. Njia ya watu nayo ilielekea huko huko. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi ilitoka Bagamoyo, ikapumzika Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Reli ya Kati iliifuata njia hiyo kwa sehemu kubwa: ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwishoni mwa njia hii kuna meli ya chuma cha pua yenye umri wa zaidi ya miaka mia moja, ambayo maisha yake ni somo la kemia na la fizikia. Meli hiyo ni Liemba.

Somo hilo halihusu meli kubwa peke yake. Familia iliyorithi kwa babu mashua ndogo ya aluminiamu, yenye kuendeshwa kwa injini, hukabiliwa na swali lile lile lililowakabili mafundi wa Kigoma: je, chombo hiki kimekufa, au kimelala tu? Anayekosea jibu hulipa kwa njia moja kati ya mbili. Ama hutupa kitu ambacho kingeweza kuwafaa wajukuu, ama huwapakia wajukuu hao katika chombo kilichokwisha kuliwa ndani kwa ndani.

Vyombo vilivyosafiri kwa vipande

Ziwa Tanganyika halina mlango wa bahari ambao meli ingeweza kupitia. Kwa hiyo kila chombo kikubwa cha metali kilichotoka ng'ambo kilibidi kusafirishwa nchi kavu kikiwa vipande vipande. Mwanzoni mwa mwaka 1883 Edward Hore, wa Chama cha Wamisionari cha London, alifikisha Ujiji mashua ya chuma cha pua iliyoletwa kutoka pwani kwa namna hiyo, kabla reli haijakuwapo.

Miaka thelathini baadaye mzigo ulikuwa mkubwa zaidi. Kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kiliunda mwaka 1913 meli yenye urefu wa meta 71 hivi, kikaifungua, na kuifunga katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalivuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda reli, yakapita Tabora, na hatimaye yakafika Kigoma. Huko vipande viliunganishwa upya kwa ribiti, yaani misumari minene ya metali ambayo ncha yake hupondwa kwa nyundo hata ikawa kichwa cha pili, nayo hubana mabamba mawili pamoja. Meli hiyo ilishushwa majini Februari 1915, ikapewa jina la Graf von Götzen.

Ribiti ina faida na hasara zake. Faida yake ni kwamba bamba lililoharibika huweza kuondolewa na kuwekwa jingine. Hasara yake ni kwamba kila tundu la ribiti ni mahali ambapo maji yanaweza kupenya. Mashua nyingi za zamani za aluminiamu zimeungwa kwa njia hiyo hiyo, kwani ufundi wake ulitoka katika viwanda vya ndege. Kampuni ya Grumman ya Marekani, kwa mfano, ilikuwa mwundaji wa ndege za kivita, na ilianza kutengeneza mitumbwi ya aluminiamu vita vya pili vya dunia vilipokuwa vikimalizika.

Meli iliyozikwa ndani ya grisi

Mwezi Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yakiikaribia Kigoma, na Wajerumani waliamua kuizamisha meli yao isiangukie mikononi mwa adui. Hata hivyo mafundi waliopewa kazi hiyo walitumaini kwamba siku moja ingeibuliwa. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nene. Wabelgiji waliiibua mara ya kwanza, lakini ikazama tena. Waingereza waliiinua kutoka majini mwezi Machi 1924, na kuikuta mitambo yake ikiwa katika hali ya kufaa kutumika. Mwezi Mei 1927 ilianza kazi upya kwa jina la Liemba.

Kwa nini miaka minane ya kukaa chini ya maji haikuiharibu mitambo hiyo? Ili chuma kishike kutu, mambo mawili lazima yakutane juu yake kwa pamoja: maji na oksijeni. Kimoja kikikosekana, kazi ya kutu husimama. Grisi haichanganyiki na maji, na huwa kama blanketi linalozuia yote mawili yasifike kwenye chuma. Aidha, maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi nyingi. Lita moja ya maji ya bahari huwa na gramu 35 hivi za chumvi, lakini lita moja ya maji ya ziwa hilo haifikishi hata gramu moja. Chumvi huyawezesha maji kupitisha umeme kwa urahisi, na kushika kutu, kama itakavyoelezwa, ni kazi ya umeme mdogo.

Kutu ya chuma na ngozi ya aluminiamu

Chuma na aluminiamu hazizeeki kwa namna moja. Chuma kinapoungana na oksijeni na maji hutoa kutu, ambayo ni laini, ina vitundu vingi, na huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Kwa sababu hiyo huvimba, hubanduka, na kuacha chuma kipya wazi. Kutu mpya huanzia hapo, na mwisho bamba zima huliwa.

Aluminiamu huungana na oksijeni haraka kuliko chuma, na hilo ndilo linaloiokoa. Mara tu inapokwaruzwa, tabaka jembamba sana la oksidi hujitengeneza juu yake. Tabaka hilo ni gumu, halina vitundu, na hushikamana na metali iliyo chini yake. Oksijeni nyingine haiwezi kupita. Ndiyo maana mashua ya aluminiamu iliyoachwa uani kwa miaka thelathini, pasipo rangi yoyote, huweza kuonekana imefifia na kuwa ya kijivu, na bado ikawa nzima.

Lakini ngozi hiyo ina maadui, na fundi anayezoea chuma peke yake huweza kuwaleta maadui hao yeye mwenyewe bila kujua.

Adui wa kwanza ni metali nyingine. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji hufanya betri ndogo. Ile iliyo tayari zaidi kutoa elektroni zake ndiyo inayoliwa, na nyingine husalimika. Aluminiamu hutoa elektroni kwa urahisi kuliko shaba na kuliko chuma. Kwa hiyo skrubu ya shaba nyeupe au ya shaba nyekundu iliyofungwa katika mashua ya aluminiamu huila mashua polepole. Hata sarafu ya shaba iliyoanguka sakafuni na kulowa huko kwa miezi mingi huweza kutoboa tundu. Kwa sababu hiyo hiyo rangi yenye shaba, ambayo hupakwa meli za chuma ili mimea na konokono wasishike, haifai kupakwa aluminiamu.

Elimu hiyo hiyo hutumika pia kwa ulinzi. Zinki hutoa elektroni kwa urahisi kuliko chuma, hivyo kipande cha zinki kilichofungwa chini ya meli huliwa badala ya meli yenyewe. Kazi ya baharia mwangalifu ni kukibadilisha kabla hakijaisha.

Adui wa pili ni unyevu uliofungiwa. Ngozi ya oksidi hujitengeneza upya pale tu inapopata oksijeni. Chini ya zulia lililolowa, matope, au ubao mbichi, hewa haifiki, na aluminiamu hutobolewa kwa vidoa vidogo vyenye unga mweupe. Unga huo ndio dalili ambayo mwanafunzi anapaswa kuitafuta kwanza.

Uchunguzi kabla ya nyundo

Na ichukuliwe mfano wa familia iliyoamua kuifufua mashua ya babu ya urefu wa meta 4. Kazi ya kwanza ni kuiosha na kuondoa kila kisichokuwa metali: viti, sakafu, na ubao wa tezi ambao injini hufungwa juu yake. Ubao huo ndio hubeba uzito na msukumo wote wa injini, nao ndio huoza mapema, mara nyingi ukiwa umefunikwa na bamba zima linalong'aa. Ukichomwa kwa ncha ya bisibisi na kuingia bila nguvu, haufai tena. Ubao mpya ufungwe baada ya kukauka na kupakwa rangi pande zote. Usiwe ubao uliotiwa dawa yenye shaba ya kuzuia mchwa, kwa maana dawa hiyo itaila aluminiamu inayougusa.

Kazi ya pili ni kutafuta mivujo. Njia rahisi ni kuigeuza hali ya kawaida: badala ya kuitia mashua majini, maji hutiwa ndani ya mashua ikiwa juu ya magogo. Mahali panapodondoka hutiwa alama ya chaki. Maji yasizidi kina cha sentimeta chache, na magogo yawe mengi, kwa maana lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na lita mia tatu zitaweza kuipinda mashua isiyoegemezwa vizuri.

Ribiti iliyolegea huweza kukazwa upya. Mtu mmoja hushikilia kipande kizito cha chuma kwenye kichwa cha ribiti upande wa nje, na mwenzake huipiga kwa nyundo upande wa ndani. Hii ni kazi ya watu wawili, na inafaa sana kwa babu na mjukuu. Ribiti iliyokatika hutolewa kwa kukereza, na huwekwa nyingine ya aluminiamu. Ikiwekwa ya chuma au ya shaba, betri iliyoelezwa hapo juu itakuwa imeundwa upya.

Ufa ni jambo zito zaidi. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, lakini ngozi yake ya oksidi huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000. Fundi anayechomelea milango ya chuma akijaribu kuziba ufa huo kwa mtambo wake wa kila siku, metali ya chini itayeyuka na kumwagika kabla ngozi ya juu haijalegea. Kazi hiyo yahitaji mtambo maalumu na fundi aliyeizoea. Penye shaka, kiraka cha aluminiamu kilichofungwa kwa ribiti, na gundi isiyopitisha maji katikati, ni salama zaidi.

Rangi ya zamani isikwaruzwe pasipo tahadhari, kwa kuwa rangi nyingi za miaka iliyopita zilikuwa na risasi. Msasa utumike pamoja na maji ili vumbi lisiruke, na watoto wadogo wakae mbali. Brashi ya nyaya za chuma isitumike kabisa, maana huacha chembe za chuma ndani ya aluminiamu.

Hesabu ya kuelea

Kabla ya kushusha chombo majini, hesabu ifanywe kwa kalamu. Kanuni ya Archimedes yasema kwamba chombo kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake chenyewe pamoja na mzigo. Mashua ya kilo 80, injini ya kilo 40, na watu watatu wa kilo 65 kila mmoja, jumla ni kilo 315. Kwa hiyo itasukuma lita 315 za maji. Ikiwa sakafu yake ni bapa, yenye meta 3.5 kwa meta 1.2, eneo lake ni meta za mraba 4.2. Mita za ujazo 0.315 zikigawanywa kwa 4.2, jibu ni meta 0.075: mashua itazama kiasi cha sentimeta 7.5.

Chini ya viti vya mashua nyingi hutiwa sponji ya plastiki ili chombo kisizame hata kikijaa maji. Sponji hiyo ikizeeka huweza kunywa maji. Ikinywa lita 60, mashua huwa imepakia abiria mmoja asiyeonekana, na hushuka sentimeta 1.4 zaidi. Hatari kubwa haimo katika sentimeta hizo, bali ni kwamba sponji iliyojaa maji haiwezi tena kuielesha mashua siku ya ajali. Sponji ya zamani ipimwe kwa mizani, na iliyo nzito itupwe. Hata baada ya matengenezo yote, vazi la kuokolea maisha halina badala.

Kinachobaki na kinachoondolewa

Kuokoa chombo si kubakiza kila kipande chake. Katika miaka ya 1970 Liemba iliondolewa injini zake za mvuke, zile zile zilizolindwa kwa grisi, ikawekewa injini za dizeli. Mwili wa meli ulikuwa bado mzima, nao ndio uliobakizwa. Mwaka 1997 mwili huo ulibeba wakimbizi waliokuwa wakirudi Kongo, na Mei 2015 uliwatoa Kagunga maelfu ya wakimbizi wa Burundi na kuwafikisha Kigoma. Meli ilisafirisha abiria hadi mwaka 2018, iliposimama ikingoja matengenezo mengine makubwa.

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mafundi wa mwaka 1916 waliziba njia ya maji na hewa wakati walipokuwa wakiuzamisha mlango mzima, na watu ambao hawakuwajua wakanufaika. Familia inayokaza ribiti za mashua ya babu hufanya kazi ya aina hiyo hiyo. Baada ya kila safari mashua ikaushwe, mchanga uondolewe, sarafu na misumari iokotwe sakafuni, na tarehe ya kila tengenezo iandikwe katika daftari. Atakayeirithi atajua pa kuanzia kuchunguza.