Jirani Niliyeambiwa Nimwogope

Mtu wa Mpanda akikuambia haogopi kitu, muulize mimba ya mkewe ina miezi mingapi. Ataangalia pembeni. Nimefanya kazi ya ukunga huku tangu tukiwa bado sehemu ya Rukwa, kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012, na sijaona siri inayolindwa kama tarehe ya kujifungua. Mama anakuja kliniki kitenge amekifunga juu kifuani, miezi saba imeshatimia, na kadi ndiyo kwanza inaandikwa. Ukimuuliza mbona amechelewa, ananong'ona: "Dada, mtaani kwetu kuna watu."

Hao "watu" ndio habari yangu. Viboko wa Mto Katuma pale Sitalike wanaua kweli, lakini sijawahi kumwona mama akikosa kliniki kwa ajili ya kiboko. Tunamwogopa mama mkwe, tunamwogopa shemeji aliyeuliza swali moja la ziada, tunamwogopa bibi wa nyumba ya pili mwenye macho mekundu. Nimekuta hirizi viunoni mwa wanawake wenye rozari shingoni, wala sikuzikata. Mtu akiwa kwenye uchungu, si wakati wa kumhubiria.

Makanisani tunaambiwa tusiogope. Wahubiri wengine hupenda kusema kwamba agizo hilo limo katika Biblia mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Ukikaa chini ukahesabu, hesabu haitimii. Mimi nilisaidiwa zaidi na kurasa zisizopigiwa makofi: Yesu pale Gethsemane, jasho likimtoka, akimwomba Baba amwepushe na kikombe kile, Paulo akiwaambia Wakorinto waziwazi kwamba alifika kwao akitetemeka. Anayekuambia imani yako ni haba kwa sababu moyo unakudunda, hajawahi kuwa chumba cha kujifungulia saa nane usiku umeme umekatika.

Kuna ugonjwa unaitwa kifafa cha mimba. Presha inapanda, uso na miguu vinavimba, kichwa kinauma, macho yanaona vimulimuli, kisha mama anaanza kutukutika mwili mzima na kupoteza fahamu. Ukiliona jambo hilo kwa mara ya kwanza, hutamlaumu anayesema ni pepo. Dawa ipo: sindano ya magnesiamu salfeti kuzuia degedege, dawa za kushusha presha, na mtoto azaliwe upesi. Kinachoua mara nyingi ni kuchelewa.

Namkumbuka binti mmoja aliyeletwa kwa bodaboda, kaka yake amemkumbatia kwa nyuma asidondoke. Alikuwa kwenye maombi tangu jana yake. Huko waliambiwa kwamba mama mkwe ndiye aliyemfunga. Binti alipona, mtoto hakupona. Na yule mama mkwe, ambaye ndiye aliyetoa nauli ya bodaboda, alirudi kijijini akiitwa mchawi.

Mimi ni mtu wa maombi, nisieleweke vibaya. Nimesali juu ya vitanda vingi, na naamini Mungu anasikia. Ila maombi yanayomaliza kwa kumtaja mbaya wako ni ramli iliyovikwa joho. Hayana tofauti na kamchape, wale wanaozunguka vijijini wakidai kuwafichua wachawi na kuwaachia watu uhasama wa miaka. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, lakini sheria haiwezi kumtoa mtu hofu ya jirani yake. Kazi hiyo ilipaswa kuwa yetu sisi wa makanisani, na baadhi yetu tunaifanya kinyume: mtu anaingia ibadani akiwa na hofu moja, anatoka na tatu, zote zina majina.

Ndiyo maana wakunga wenzangu vijana huwa nawasimulia habari za Karema. Ipo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, humu humu mkoani kwetu. Wabelgiji walijenga ngome pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawakabidhi Mapadre Weupe, ikawa misheni. Mwaka 1889 akafika kijana mweusi ambaye hakuwa Mbende, wala Mfipa, wala mtu wa popote karibu na hapa. Jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa kandokando ya Mto Niger, katika nchi inayoitwa Mali leo, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara kama mzigo wa kuuzwa, hadi wamisionari walipomkomboa huko Algeria. Wakampeleka Malta kusomea uganga wa kizungu, kisha akatumwa huku awe daktari na katekista.

Fikiria hofu aliyokuwa na haki nayo. Walioiba utoto wake walikuwa binadamu, si majini. Na alikofikia, misafara ya watumwa ilikuwa bado haijakoma kando ya ziwa. Angejifungia ndani ya ngome akasali, nani angemlaumu? Badala yake alitibu watu wa Karema karibu miaka 67, mpaka alipofariki mwaka 1956. Alioa huku huku, na mwanawe Joseph akawa padre. Mtu aliyefundishwa na maisha kwamba mgeni ni hatari, alitumia maisha yake yote kuosha vidonda vya wageni.

Yohana, katika waraka wake wa kwanza, anapoitafuta dawa ya woga hataji ujasiri. Anataja upendo. Zamani nilidhani ni maneno ya kupamba kadi za harusi. Siku hizi nayasoma kama maelekezo ya dawa, yaani kitu cha kufanywa, tena kwa mikono.

Mtaani kwetu kuna mjane ambaye watoto walikatazwa kupita mlangoni kwake. Macho yake ni mekundu kweli, na amepikia kuni maisha yake yote katika jiko lisilo na dirisha. Yeyote angekuwa nayo. Jumuiya yetu ndogo ndogo ilikuwa inaruka nyumba yake kila zamu ya sala ilipomfikia. Nikapendekeza tukasali kwake. Wakanyamaza, kisha mama mmoja akasema, "Sawa, lakini tusile."

Tulikwenda wachache. Sala ikaisha, bibi akaleta ugali na mgebuka wa kukaanga, samaki mzima kwa kila mtu, na yeye mwenyewe sahani yake ilikuwa na mkia tu. Nilinawa mikono polepole kuliko ninavyonawa kabla ya kuzalisha. Tumbo lilikuwa limekaza. Nikamega tonge, nikala.

"Chumvi imezidi," nikasema, kwa sababu ilikuwa imezidi.

"Mwanangu, macho haya hayaoni kijiko," bibi akajibu. "Wiki ijayo njoo mapema, upike wewe."

Wiki iliyofuata nilipika mimi, na yule mama aliyesema tusile aliomba aongezewe mchuzi.