TOKYO: MGENI HAPOTEI KWA SABABU KUNA WATU KAZINI



Baadhi ya wenzetu hualikwa Japan kwa semina za vyama vya wafanyakazi. Ikifika siku ya mapumziko, wajumbe wengi hubaki hotelini wakitazama televisheni kwa hofu ya kupotea. Hofu hiyo ina sababu. Tokyo ina watu wapatao milioni 14, maandishi yake hatuwezi kuyasoma, na wenyeji wengi hawasemi Kiingereza. Lakini mimi nilikwenda huko na elimu yangu ya darasa la saba, nikatembea mji kwa treni muda wa siku tatu, nikarudi salama. Naandika ili ndugu atakayekwenda baada yangu asikae chumbani. Tena nataka ajue ni akina nani wanaomfikisha anakokwenda.

NAMBARI NA RANGI

Chini ya ardhi ya Tokyo zimo njia 13 za reli. Tisa ni za Tokyo Metro, na nne ni za Toei, yaani za serikali ya mji. Juu ya ardhi kuna treni za JR na za kampuni nyingine nyingi. Ukitazama ramani yake unaona kama wavu uliovurugika.

Usihangaike na ramani nzima. Kila njia ya chini ya ardhi ina rangi yake, na tangu mwaka 2004 imepewa herufi, na kila stesheni imepewa nambari. Njia ya Ginza ni herufi G na rangi ya machungwa. Njia ya Hibiya ni H na rangi ya kijivu. Ukiwa Asakusa, ambayo ni G19, na unataka Ueno, ambayo ni G16, panda treni ambayo nambari zinakwenda zikipungua, kisha hesabu: 18, 17, 16. Shuka. Mtu anayejua kuhesabu anaweza kusafiri Tokyo.

Tiketi hukatwa kwenye mashine. Usipojua nauli, kata tiketi ya bei ndogo kabisa. Kabla ya geti la kutokea utaona mashine nyingine. Utaitia tiketi yako, itakuonyesha kiasi kilichobaki, utalipa na kutoka. Hakuna atakayekuita mwizi, maana ndio utaratibu wao. Iko pia kadi ya kujaza fedha, kama Suica iliyoanza mwaka 2001, ambayo unaigusisha getini tu. Wageni kutoka nchi za nje wanaweza kununua tiketi ya saa 24, 48 au 72 kwa treni za Metro na Toei. Tiketi hiyo haikubaliwi kwenye treni za JR, kwa hiyo soma alama ya kampuni kabla ya kuingia.

Kwa siku ya kwanza, mimi nashauri njia ya Yamanote ya JR, yenye rangi ya kijani. Inazunguka mji kama duara la kilomita 34.5, ina stesheni 30, na mzunguko mmoja ni kama saa moja. Ukipitiliza stesheni yako, tulia. Zunguka nayo au vuka upande wa pili urudi.

Mambo mengine ni madogo. Kwenye ngazi za umeme watu husimama upande wa kushoto. Mlango wa teksi hufunguliwa na dereva mwenyewe kutoka kitini pake, usiushike. Bakshishi haitolewi. Ukipotea kabisa, tafuta kibanda cha polisi kiitwacho koban. Vipo karibu na stesheni nyingi, na askari atakuonyesha njia kwenye ramani. Treni za mwisho huondoka karibu saa sita usiku, na baada ya saa saba karibu zote zimelala mpaka saa kumi na moja alfajiri. Anayechelewa atalipa teksi, na teksi ya Tokyo ni ghali.

SIKU MOJA YA KUTEMBEA

Anza Ueno. Watu wengi huenda kwenye bustani yake kuona maua ya micheri na majumba ya makumbusho. Sisi tuna sababu nyingine ya kusimama pale. Tarehe 2 Mei, 1920, wafanyakazi wa Japan walifanya Mei Dei yao ya kwanza katika bustani hiyo. Serikali iliipiga marufuku sikukuu hiyo mwaka 1936, na haikufanyika tena hadharani mpaka 1946, baada ya vita.

Kutoka Ueno panda njia ya G hadi Asakusa. Hapo pana hekalu la Senso-ji. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 628 ndugu wawili wavuvi walinasa sanamu takatifu katika nyavu zao mtoni Sumida, na hekalu likaanza. Mtaa huo ulikuwa wa mafundi na vibarua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi, 1945, ndege za Marekani ziliuchoma moto pamoja na mitaa jirani, wakafa watu wapatao laki moja. Jumba kuu unaloliona leo lilijengwa upya na kumalizika mwaka 1958.

Halafu rudi Ueno, badili uingie njia ya H, ushuke H21, Minami-Senju. Karibu na hapo ndipo palipoitwa Sanya. Vibarua wa kutwa walijipanga huko alfajiri kungoja wenye kazi, na usiku walilala katika vyumba vya bei ndogo visivyozidi mikeka mitatu. Walifanya kazi za ujenzi wakati mji ulipojiandaa kwa Olimpiki ya 1964. Mwaka 1966 jina la Sanya liliondolewa kwenye ramani rasmi. Vibarua waliobaki ni wazee sasa, na nyumba kadhaa walizolala zimegeuzwa kuwa malazi ya watalii wasio na fedha nyingi. Ukienda, salimu, wala usipige picha za wazee hao.

Jioni nenda Shinjuku, kwenye jengo la serikali ya mji. Lifti itakupandisha mpaka ghorofa ya 45, mita 202 kutoka chini, bila malipo. Utaona taa hazina mwisho.

MKONO NA SAUTI

Ukiwa kwenye treni, simama nyuma ya kioo cha dereva. Utamwona akiinua mkono wenye glovu nyeupe, ananyoosha kidole kwenye taa ya ishara na kuitaja kwa sauti. Anaionyesha saa yake, anaonyesha mwendo, anaitaja stesheni. Mgeni hucheka. Lakini hiyo ni njia ya usalama ambayo watu wa reli wa Japan wameitumia kwa zaidi ya miaka mia: jicho, mkono na mdomo vikifanya kazi pamoja, akili haisinzii. Haigharimu hata senti moja. Wenzetu wa kreni, wa mitambo na wa umeme wangeweza kuianza kesho asubuhi.

Tazama pia chini. Vigae vya njano vyenye vinundu vinamwongoza kipofu mpaka kwenye mlango wa treni. Viligunduliwa na Miyake Seiichi wa Japan, na viliwekwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967.

WALIOLIPA

Jina JR halikuwapo kabla ya 1987. Reli ilikuwa ya taifa, na chama chake kikubwa, Kokuro, kilikuwa na wanachama zaidi ya laki mbili. Watumishi wa reli walikuwa wamenyimwa haki ya kugoma. Mwishoni mwa Novemba 1975 waliidai haki hiyo kwa kusimamisha treni siku nane nchi nzima, wala hawakuipata. Tarehe 1 Aprili, 1987, reli iligawanywa ikawa kampuni sita za abiria na moja ya mizigo. Wengi wa waliopinga hawakuchukuliwa na kampuni mpya, na Aprili 1990 watu 1,047 waliachishwa kazi. Walishtaki, wakakaa mbele ya stesheni na mabango yao, wengine wakafa wakingoja. Juni 2010 walipewa fidia. Kazi zao hawakurudishiwa.

Kampuni ya Tokyo na jirani zake ina abiria wengi na faida. Ya Hokkaido, kwenye baridi na watu wachache, imekuwa ikifunga njia zake. Wenzetu wa reli ya Uganda na Kenya, iliyokodishwa kwa kampuni binafsi mwaka 2006 hadi 2017, hawahitaji kuelezwa mengi hapo.

Kwa hiyo ndugu utakayekwenda, tembea, tena ufurahi. Lakini ukikaa mezani na wenyeji wako wa chama, waulize maswali matatu: dereva yule analala saa ngapi, nani anasafisha mabehewa na kwa mkataba gani, na wale 1,047 wako wapi leo. Majibu uyaandike, utuletee.