Umeme wa Migodi, Giza ya Vijiji

Kyavinyonge, pembeni ya ziwa Edward, pirogi zikirudi na tilapia, saa inaanza kuhesabika. Samaki ya kupeleka Butembo ao Beni inapashwa kupanda gari mbio, kutiwa chumvi, ao kukaushwa na moshi. Moshi inataka kuni, na kuzunguka kijiji ni Pori ya Virunga, fasi kukata miti ni katazo. Mwenye grupe anaweza kutengeneza baridi, lakini mafuta inakula faida yote.

Sisi wa sendika ya migodi tunauliza: umeme wa inchi unaenda wapi? Inga 1 ilianza 1972, Inga 2 mwaka 1982. Zote mbili zilijengwa kwa kutoa karibu megawati 1.775. Waya kubwa ya Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1.700, ilivutwa juu ya shaba. Inapita juu ya vijiji vingi vyenye kulala katika giza. Huku Kivu ya Kaskazini haifiki kabisa.

Leo mashine zile zimezeeka. Mchanga wa mto na ukosefu wa vyuma vya kubadilisha vilisimamisha turbini nyingi miaka mingi, na migodi mipya inaendelea kuomba. Mwaka 2021, Kamoa Copper na SNEL walipatana kutengeneza turbini namba 5 ya Inga 2, megawati 178. Hatukatai: umeme ukikatika, pampu inasimama, maji inapanda, na mchimbaji anarudishwa nyumbani bila mshahara. Lakini mwenye kulipa ndiye anapewa kwanza.

Kyavinyonge haina kampuni ya shaba ya kuivutia waya. Njia yake ni mito ya karibu. Sheria ya 2014 ilifungulia makampuni mengine mlango wa umeme, na Virunga imejenga mitambo ya maji Mutwanga, kisha Luviro, katika Lubero. Si lazima kungoja Inga.

Na wenye kukaa karibu na migodi, sheria ya 2018 inaomba kampuni itoe asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Ndugu na mama, ulizeni hiyo pesa iko wapi. Ombeni transfo na waya mbele ya kuomba ukuta wa rangi. Mchimbaji anayetoka zamu usiku hapaswi kurudi kwa watoto wenye kusoma na mshumaa.