Tarumbeta Kuukuu: Umri Wake Hujulikanaje?

Huko Magongo, upande wa bara wa Mombasa, mnunuzi wa vyuma vikuukuu hupima shaba kwa kilo, wala haulizi umri wake. Tarumbeta iliyopondeka, masalio ya ngoma ya beni, hutiwa guniani pamoja na mabomba na masufuria. Hasara hiyo yaweza kuepukwa, kwa maana chombo chenyewe aghalabu huonyesha kilitengenezwa lini.

Kwanza utazamwe mdomo wake mpana, ambapo mafundi wa Ulaya walichora jina lao na mtaa wao. Jina la Boosey & Hawkes laonyesha kwamba chombo si cha kabla ya 1930, mwaka ambao kampuni mbili za London, Boosey & Co. na Hawkes & Son, ziliungana. Kikiandikwa Boosey & Co., 295 Regent Street, ni cha baina ya 1874, kampuni ilipohamia mtaa huo, na 1930. Nambari iliyogongwa penye vali hupunguza shaka zaidi, maana madaftari ya kampuni hiyo yamehifadhiwa Horniman Museum, London.

Maandishi yakiwa yamefutika (nayo hufutika upesi katika nyumba ambazo shaba husuguliwa kwa majivu na ndimu), zitazamwe vali, yaani vile vipande vinavyobonyezwa kwa vidole. Vali zilibuniwa Ujerumani yapata 1814. Zile za Stölzel hupitisha pumzi chini kabisa, hata bomba laonekana likitokea kitakoni. Kwa kawaida hizo ni za karne ya 19. Zile za Périnet wa Paris, za 1839, hutoa pumzi ubavuni, na kwa kuwa zatumika hata leo, peke yake hazithibitishi neno.

Siwa yetu ya pwani ni jambo jingine. Haina vali wala anwani, na hupulizwa ubavuni. Asiyeijua angeweza kudhani tundu lile ni uharibifu, akaliziba kwa risasi! Siwa ya shaba ya Lamu, iliyomo katika Makumbusho ya Lamu, ina maandishi ya Kiarabu.

Umri una uzito katika sheria pia. Kwa sheria ya Kenya ya 2006, kitu kilichotengenezwa nchini au kuletwa kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, wala hakipelekwi ng'ambo pasipo kibali. Mwenye tarumbeta ya namna hiyo huko Magongo hayuko mbali na makumbusho ya Fort Jesus. Yafaa aipeleke ikaangaliwe kama ilivyo, bila kuisugua.