Chakula, utumbo na akili (2): Kinga ya mwili inapohamia kichwani

Wiki iliyopita tuliona kwamba sehemu kubwa ya ujumbe unaopita katika neva ya vagasi hutoka tumboni kwenda kwenye ubongo. Leo tutazame njia nyingine, ya damu na kinga ya mwili, maana nayo huguswa na mabadiliko ya mlo wetu.

Utumbo mpana unahifadhi matrilioni ya bakteria. Wali mweupe na sukari huwafikia kwa kiasi kidogo, kwa sababu karibu vyote hufyonzwa juu, katika utumbo mwembamba. Riziki yao hasa ni nyuzinyuzi za maharage, ulezi, mtama na mboga za majani. Wakizichachusha hutoa asidi iitwayo butireti, inayolisha chembe za ukuta wa utumbo. Ukuta usiolishwa hudhoofika, mabaki ya bakteria yakapenya kwenye damu, na chembe za kinga zikaanza vita visivyokwisha, yaani uvimbe wa ndani. Kemikali za vita hivyo hugusa hata ubongo. Aliyewahi kuugua malaria anaijua kazi ya kemikali hizo: hamu ya kula hupotea, mwili hulegea, na mtu hataki kusemeshwa. Kemikali hizo zikibaki damuni miezi na miaka, hata kwa kiwango kidogo, hatari ya sonona huongezeka.

Ushahidi wa karibu umetoka kwetu. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Kilimanjaro na wataalamu wa Tanzania na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Walishiriki vijana wa kiume 77 wenye afya njema. Waliozoea vyakula vya asili walihamishiwa kwenye vyakula vya kizungu kwa wiki mbili; waliozoea vyakula vya kizungu wakarudishwa kwenye vya asili; kundi jingine likanywa mbege, pombe ya asili ya ndizi iliyochachushwa, kwa wiki moja. Kwa kundi la kwanza, viashiria vya uvimbe wa ndani vilipanda na chembe za kinga zikawa dhaifu mbele ya vijidudu. Kwa waliorudi kwenye vya asili na wanywaji wa mbege, viashiria hivyo vilishuka. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Utafiti huo ulipima damu, haukupima huzuni wala furaha. Upande huo ulipimwa Australia. Mwaka 2017 Profesa Felice Jacka na wenzake walitoa matokeo ya watu 67 wenye sonona. Nusu walielekezwa kula mboga, matunda, jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa na samaki. Wengine walipata mtu wa kuzungumza naye. Baada ya wiki 12, asilimia 32 ya waliobadili mlo walikuwa wametoka katika sonona, na asilimia 8 tu ya wengine. Idadi ya washiriki ni ndogo, na wengi wao walikuwa tayari kwenye matibabu. Kwa hiyo mwenye sonona asiache dawa zake. Mlo utembee pamoja na tiba.

Kinachoniuma ni kwamba tunaviacha vyakula vyetu vya asili kwa kuona haya. Kiburu, ugali wa ulezi na mlenda vimeitwa vyakula vya shida, huku soseji na chipsi zikiwa alama ya kufanikiwa. Mtoto anayekua kwa chipsi ananyimwa kinga ambayo bibi yake aliipata shambani bila kununua.

Anza na yanayowezekana. Rudisha dona mahali pa sembe. Maharage, choroko au kunde zisikose mezani siku nyingi za wiki. Ongeza mboga, na badala ya mbege, kama hutumii kileo, kuna togwa na mtindi, navyo vimechachushwa. Ongeza kidogo kidogo, kwa kuwa tumbo lililozoea vyakula laini hujaa gesi likibadilishiwa ghafla.

Wiki ijayo: antibiotiki zinazonunuliwa bila cheti cha daktari, na zinavyowaathiri bakteria hawa.