Fahamu: Linux ipi inaifaa kompyuta yako?

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, kompyuta nyingi zisizokidhi masharti ya Windows 11 zimebaki njia panda. Hakuna sababu ya kuzitupa. Mfumo endeshi wa Linux upo, tena bure, ila una mamia ya matoleo, na hapo ndipo mgeni huchanganyikiwa.

Anayetoka Windows aanze na Linux Mint. Menyu iko chini kushoto, saa chini kulia, na LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia hesabu huja nayo tayari. Laptopu kuukuu yenye RAM ya GB 4 iwekewe toleo la Mint la Xfce, ambalo ni jepesi zaidi.

Ubuntu LTS hutoka kila baada ya miaka 2 na hupata masasisho ya usalama kwa miaka 5, hivyo inaifaa ofisi isiyotaka usumbufu. Fedora humfaa mpenda vipya. Arch iachiwe wazoefu.

Kabla ya kufuta chochote, toleo liwekwe kwenye flashi na kompyuta iwashwe kutoka humo. Wi-Fi, sauti na printa vijaribiwe kwanza. Vikigoma, lijaribiwe toleo jingine.