Ukiumia kazini, cheti cha daktari ndicho ngao yako

Je, msomaji, mkono wako ukikatwa na mashine kazini leo, unajua utaanzia wapi kudai fidia? Wengi hudhani ni kwa wakili. La! Huanzia kwa daktari, na hapa sina budi kuungama kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilitibu kijana aliyeumizwa mkono wa kulia na mashine ya kukata mabati. Nilimshona, nikampa dawa, kisha nikaandika: "Amejeruhiwa vidole. Apumzike wiki mbili." Kidonda kilipona, lakini vidole viwili vilikataa kukunjika. Alipodai fidia, alikadiriwa kuwa na ulemavu mdogo mno. Cheti changu hakikuwa kimesema lolote kuhusu kazi ambayo mkono ule haungeweza tena kufanya.

Asilimia hiyo si mchezo. Chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, fidia ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96. Anayepata Sh20,000 kwa mwezi akikadiriwa asilimia 10, hulipwa Sh192,000. Akikadiriwa asilimia 20, hulipwa Sh384,000.

Basi ufanyeje? Kwanza, mwarifu mwajiri mara tu unapoumia. Yeye anatakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika muda wa siku saba. Dai lenyewe liwasilishwe kabla ya miezi 12 kuisha tangu siku ya ajali.

Pili, usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, usikimbilie mahakamani. Mnamo Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliunga mkono sheria inayotaka madai haya yapitie kwake. Una siku 60 za kuandika pingamizi, naye ana siku 14 za kukujibu. Jibu lisipokuridhisha, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Leba. Hesabu siku hizo kama unavyohesabu tembe za dawa. Ukichelewa, haki yako inaweza kupotea.

Tatu, mrudie daktari wako kabla ya kuandika pingamizi. Usimwambie tu kwamba unaumwa. Mweleze kuwa huwezi kufunga vifungo vya shati, kushika nyundo, wala kubeba ndoo ya maji. Mwombe apime nguvu za mkono, aandike kiungo kinakunja kiasi gani, na aseme wazi kama hali hiyo ni ya kudumu. Picha za eksirei, kadi za kliniki na risiti, vyote hifadhi. Ushahidi usiotiwa kwenye faili mapema ni vigumu kuuingiza mbele ya jaji baadaye.

Kijana yule alinirudia siku ya 41. Nilimpima upya kwa makini, nikaandika kurasa mbili badala ya mstari mmoja. Pingamizi lilifika kwa wakati, na asilimia yake ikapandishwa bila kufika mahakamani. Vidole havikupona, lakini alipata mtaji wa kuanzisha duka.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali, ndugu msomaji. Usitoke kliniki kabla hujasoma kilichoandikwa juu yako.